Kukinai kwa Chako, Kukinai kwa cha Mwenzio

Kijana wa dada yangu alinijia jioni moja baada ya Alasiri, akanipa shikamoo yake, akaketi barazani kwa adabu ya mtu aliyekuja na haja. Ana umri wa miaka 22, anapiga udi na kinanda, na chumbani kwake ana kompyuta ya mkononi iliyokwishapita mikono miwili kabla ya yake, kipaza sauti kimoja, na programu ya kurekodia muziki aliyoipata bure. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu amekuwa akiweka akiba kidogo kidogo. "Mjomba," akaniuliza, "nitajuaje kwamba wakati umefika wa kuiacha programu hii ya wanaoanza, nikanunua ile wanayotumia mafundi?"

Nilimjibu kwa methali, kama tufanyavyo watu wazima tunapotaka kuyamaliza mazungumzo mapema: mchagua jembe si mkulima. Alicheka kwa heshima, akamaliza kahawa yake, akaaga. Usiku ule usingizi ulinichelewea, kwani nilijua kuwa nimemjibu kwa maneno ambayo mimi mwenyewe yamenihukumu. Niliwahi kuishi kwa methali hiyo miaka miwili mizima nikijiona mwenye hekima, na kwa sababu yake beti moja ya bibi mmoja imepotea. Yafuatayo ni jibu nililopaswa kumpa kijana yule, na ninalitoa mbele ya wasomaji kwa kuwa naamini suali lake si la wapiga ala peke yao. Mtunzi wa mashairi, mshonaji, nahodha na mwalimu, kila mmoja hufika siku akajiuliza: je, chombo hiki nilichoanzia bado kinanifaa, au nakiacha?

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Programu za kurekodia nyumbani ni nyingi. Audacity ilianza kutengenezwa mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2000, na tangu hapo haijauzwa, huchukuliwa bure. Mwaka 2004 kampuni ya Apple ilianza kutoa GarageBand ndani ya kompyuta zake. Aidha, anunuapo mtu kile kisanduku cha kuunganisha kipaza sauti na kompyuta, aghalabu hupewa pamoja nacho toleo dogo la programu kubwa, lililopunguzwa makusudi ili aonje, kisha atamani. Juu ya hizo ndipo zilipo Logic Pro, Cubase, Pro Tools, FL Studio na wenzao, ambazo majina yake vijana wetu huyataja kama sisi tulivyokuwa tukitaja majina ya vilabu vya mpira.

Sasa, liko jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Sauti ya mwanadamu ikiingia katika kompyuta hukatwa vipande vidogo, kila kipande kikaandikwa kwa tarakimu. Kwa kipimo cha sidii ya kawaida, sekunde moja ya sauti ni vipande 44,100. Kazi hiyo ya kugeuza sauti kuwa tarakimu hufanywa na kile kisanduku. Programu huzipokea tarakimu na kuzihifadhi. Programu ya bure huzihifadhi tarakimu zile zile ambazo programu ya bei kubwa ingezihifadhi. Basi mwenye kudhani kuwa sauti yake itatoka safi zaidi siku atakayobadilisha programu, amedhani kuwa barua itapendeza zaidi kwa kubadilisha kabati la kuiwekea.

Nilipozisikiliza kazi za mpwa wangu niliyaona haya kwa masikio, kama tusemavyo. Sauti yake ilikuwa ikirudi kutoka ukutani. Chumba chake kimo katika nyumba ya mawe, kuta nene za matumbawe na chokaa, sakafu ya saruji isiyo na hata mkeka, na dirisha linalotazama uchochoro wanamopita pikipiki. Kunguru nao wana zamu zao. Zipo programu zinazopunguza makelele, lakini zikizidishwa huondoka nayo na utamu wa sauti. Godoro la sufi likisimamishwa nyuma ya mwimbaji, blanketi likitundikwa dirishani, na kipaza sauti kikisogezwa karibu kiasi cha shubiri moja na nusu, vitafanya kazi kubwa kuliko programu yoyote aitamaniyo. Vivyo hivyo alilalamika kuwa anapoimba hujisikia nyuma ya nafsi yake, kama mtu anayeigizwa na mwangwi. Kompyuta huvishughulikia vile vipande vya sauti kwa mafungu. Fungu la vipande 256 huchelewesha kwa kiasi cha milisekunde 6, nalo ni jambo ambalo sikio halilisumbukii sana; fungu la vipande 1,024 huchelewesha kwa milisekunde 23, na hapo mwimbaji huanza kuyumba. Kuligeuza fungu hilo ni kazi ya dakika moja, na haina malipo.

Kwa hiyo upande mmoja wa methali yangu ulikuwa wa kweli. Mengi tunayoyaita upungufu wa chombo ni upungufu wa kukijua chombo. Historia nayo inatupa mashahidi. Mwaka 1967 The Beatles, kundi la vijana wa Liverpool, walitoa santuri yao *Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band*, ambayo hadi leo husifiwa kwa wingi wa rangi za sauti zilizomo. Ilirekodiwa jijini London kwa mashine zenye njia nne tu za sauti, zile ambazo mafundi wa studio zetu huziita treki. Treki nne zikijaa, walizichanganya zikawa moja au mbili katika utepe mwingine, wakaendelea. Mwanzoni mwa mwaka 1982 Bruce Springsteen, Mmarekani aliyekuwa tayari na jina kubwa na uwezo wa kuingia studio yoyote aitakayo, aliketi chumbani katika nyumba aliyopanga huko Colts Neck, New Jersey, akarekodi nyimbo zake kwa mashine ndogo ya kaseti yenye treki nne. Alikusudia ziwe mfano wa kuwaonyesha wapigaji wake. Walipojaribu kuzirekodi upya studioni pamoja na bendi nzima, ule upweke uliokuwemo katika kaseti ulitoweka. Mwishowe kaseti ile ndiyo iliyotolewa, kwa jina la *Nebraska*.

Visa hivi hupendwa sana na watu wa aina yangu. Huvisimulia barazani tukavikunja mikono kifuani, kana kwamba sisi ndio tuliorekodi. Lakini hatuvisimulii hadi mwisho. Mwaka 1968, mwaka mmoja tu baada ya santuri ile iliyosifiwa kwa treki zake nne, vijana wale wale waliihamishia kazi ya wimbo wa "Hey Jude" katika studio ya Trident, papo hapo London, kwa kuwa Trident walikuwa na mashine ya treki nane. Hawakufanya treki nne kuwa itikadi. Na kaseti ya Springsteen iliwapa mafundi taabu kubwa ya kuihamisha katika santuri; ilinusurika kwa kuwa walikuwepo wataalamu wenye zana nzuri waliokubali kuihangaikia. Uchache wa zana haukuwa sababu ya uzuri. Ulikuwa ni hali ambayo watu wenye kipaji waliitumia ilipowafaa, wakaitoka ilipowabana.

Tena tusitafute mifano mbali wakati kwetu ipo. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay, wakarekodi nyimbo kwa Kiswahili katika santuri za HMV. Santuri za zama zile, upande mmoja uliweza kubeba dakika tatu na ushei. Kila mwenye kujua majlisi ya taarabu anajua kuwa dakika tatu ni muda wa fidla kujinyoosha na mwimbaji kusafisha koo. Mashine iliamua urefu, na wimbo ukakubali. Tunaishukuru mashine ile kwa kutuhifadhia sauti ambayo lau si hiyo isingetufikia. Bibi yule alifariki mwaka 1950, na leo hayuko wa kumwomba arudie. Lakini shukrani haitulazimishi kusema kuwa dakika tatu zilikuwa ni hekima. Zilikuwa ni ukomo wa chombo, na aliyeulipia ni mwimbaji.

Katika muziki wetu uko ukomo mwingine unaofanana na huo, usioonekana na mtu aliyezikuza sikio lake kwa kinanda cha Kizungu. Katika makamu ya Bayati, daraja ya pili hukaa baina ya funguo mbili za kinanda. Katika Rasti, ni daraja ya tatu. Mpiga udi huitafuta kwa kidole, mpiga fidla vivyo hivyo, na mwimbaji huipata kooni bila ya kufundishwa. Lakini vinanda vilivyomo ndani ya programu nyingi za mwanzo vimefungwa katika sauti kumi na mbili zilizogawiwa sawasawa, na havina mlango wa kutokea. Kijana akijifunza makamu kwa kinanda cha namna hiyo, baada ya miaka mitatu atairekebisha sauti ya bibi yake akidhani bibi anakosea. Huu si upungufu wa kuvumilia kwa jina la unyenyekevu. Hapa chombo kinamfundisha mtu uongo.

Nimefika sasa kwenye kisa changu, nacho nakieleza bila ya furaha.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa toleo dogo la programu moja pamoja na kisanduku changu. Kisanduku kilikuwa na matundu manne ya kuchomeka vipaza sauti, lakini lile toleo dogo lilikubali kurekodi treki mbili tu kwa wakati mmoja. Kwa udi wangu na sauti yangu, mbili zilitosha. Nilifanya nalo kazi miaka miwili. Wenzangu wakinishauri ninunue toleo kamili, niliwajibu kwa visa vya treki nne na kwa methali ya jembe, nao walinisifu kuwa mimi ni mtu wa kinaa, nisiyekimbilia kila kipya. Sifa ile niliipenda kuliko nilivyojua.

Ndipo wajukuu wa bibi mmoja wa shamba waliponiomba nikamrekodi nyanya yao. Alikuwa mwimbaji wa kidumbaki katika harusi za ujana wake, na kichwani mwake alikuwa na nyimbo ambazo hazijaandikwa popote. Nilikwenda. Chini ya mwembe walijipanga: bibi juu ya kigoda, mjukuu mwenye ngoma ubavuni pake, waitikiaji watatu, mwenye sanduku, mwenye cherewa na mwenye mkwasa. Vipaza sauti vinne nilikuwa navyo. Viwili nikavichomeka, viwili vikabaki mkobani, kwa kuwa programu yangu haikuwa na nafasi yao. Kimoja nilikielekeza kwa waitikiaji na sanduku. Cha pili nilikiweka baina ya kinywa cha bibi na ile ngoma. Nilimwomba aimbe peke yake kwanza, ngoma ifuate baadaye. Alinitazama kwa huruma akasema, "Mwanangu, bila ya ngoma maneno hayaji."

Akaimba. Wimbo mmoja ulikuwa na beti kumi. Hadi ya sita ngoma ilikuwa ikitembea kwa upole. Ilipofika ya saba, mjukuu alikolezwa na furaha ya siku ile, akaipiga ngoma kwa nguvu za ujana, na maneno ya bibi yakazama chini yake. Nilisikia kwenye hedifoni, palepale. Nilijiambia: tutarudia siku nyingine, leo amechoka. Niliporudi nyumbani nilijaribu kila njia ya kuipunguza ngoma na kuipandisha sauti, lakini vilivyoingia kwa tundu moja ni maji na maziwa, havitenganishwi. Wiki zikapita, nami nikiwa na shughuli zangu. Bibi yule hakuufikia mwezi wa Ramadhani.

Beti tisa zinasikika. Ya saba haisikiki. Wajukuu wake wanne wanaikumbuka sauti yake yote, lakini maneno wanayatofautiana. Nimeandika riwaya tatu, na zote haziwezi kuwa sahihi. Wasomaji wa mashairi wanajua maana ya beti ya saba kukosekana katika wimbo ambao hoja yake inajengwa beti juu ya beti. Ninachokijua mimi zaidi yao ni kwamba vipaza sauti viwili vilikuwa mkobani, hatua mbili kutoka pale, na kwamba bei ya toleo kamili ilikuwa chini ya fedha nilizozitumia mwaka ule kwa mambo ambayo leo siyakumbuki.

Fundi mwenye uzoefu ataniambia: ungemwomba yule mjukuu asogee nyuma; ungekisogeza kipaza sauti. Ni kweli. Ujuzi wangu nao una sehemu yake katika hasara ile, na sitaki kuibebesha programu mzigo wote. Lakini kikomo kile cha treki mbili nilikijua kwa jina kwa muda wa miaka miwili. Nilikwishakutana nacho katika kazi nyingine kabla ya siku ile, kila mara nikakipita kwa kumkata mtu mwingine kipande: safari moja dumbaki halikusikika, safari nyingine waitikiaji waliimba kwa mbali kama walio ng'ambo ya kijito. Kila mara nilisema: inatosha.

Inatosha kwa nani? Hapa ndipo, kwa maoni yangu, penye kiini cha suali la mpwa wangu.

Kinaa ni tunu, wala sikusudii kuivunjia heshima. Wazee wetu walituusia tusiuache mbachao kwa msala upitao, na biashara nzima ya programu hizi imesimama juu ya kuwafanya watu wauone mbachao wao umechakaa kila mwaka. Mtu anayebadilisha zana kila mara hakai na zana yoyote muda wa kutosha ikamzoea mkono. Lakini tuiangalie ile methali kwa makini: yasema mbachao, ule ulio wako. Mtu hukinai kwa kilicho chake. Akiridhika na chakula kidogo, njaa ni yake na thawabu ni yake. Akiridhika kwa chakula kidogo cha mgeni wake, haitwi mwenye kinaa, huitwa bahili. Nilipokuwa nikirekodi udi wangu kwa treki mbili, nilikuwa nakinai kwa changu. Nilipoketi chini ya ule mwembe, nilikinai kwa cha bibi. Nilitoa sadaka kwa mali isiyokuwa yangu, kisha nikapokea sifa.

Na neno lenyewe linatuonya. Katika lugha yetu hukinai aliyeridhika, na hukinai pia aliyeshiba hata asitake tena kuletewa. Wa kwanza ana moyo mpana. Wa pili amefunga mlango. Kwa nje wote wawili husema maneno yale yale: kinanitosha hiki nilicho nacho. Asiyejichunguza huweza kuhama kutoka hali ya kwanza hadi ya pili bila ya kuhisi hatua. Mimi nilihama hivyo. Uvivu wa kujifunza programu mpya, ubahili kidogo, na kupenda kusifiwa, vyote vitatu vilivaa kanzu ya unyenyekevu, nami nikavipokea kama wageni waheshimiwa.

Atasema msomaji: basi kwa hoja hiyo kila mtu anunue kubwa kuliko zote, asije akamdhulumu mtu. La. Tamaa nayo huweza kujificha nyuma ya huduma kwa watu. Wapo wanaosema "nataka kuuhifadhi utamaduni wetu" na wanachokitaka ni kuonekana na skrini mbili. Ndiyo maana ninapendekeza masuali matatu, na mtu ajiulize kwa mfuatano wake.

La kwanza: je, naweza kukitaja kwa kitenzi kile ninachozuiwa kukifanya? "Programu yangu ni ndogo" si jibu, ni manung'uniko. "Siwezi kurekodi watu wanne kwa pamoja", "siwezi kukipandisha kinanda kwa robo ya sauti ili kifuate Bayati", hayo ni majibu. Asiyeweza kukitaja kizuizi, hata akinunua hatajua kama amekipita.

La pili: je, kizuizi hicho kimerudi baada ya mimi kukijua chombo changu na kukitengeneza chumba changu? Kuchelewa kwa sauti kulikomsumbua mpwa wangu kuliondoka kwa kugeuza fungu. Mwangwi uliondoka kwa godoro. Mambo mengine huondoka kwa subira, maana hata programu za bure hukua: Audacity kwa miaka mingi ilimlazimu mtumiaji aibadilishe sauti yenyewe kila alipotaka kuipamba, lakini tangu toleo lake la 3.2 la mwaka 2022 pambo huwekwa juu na kuondolewa apendapo. Aliyekuwa na haja hiyo tu hakuhitaji kununua. Kinachobaki baada ya kujifunza, kupanga chumba na kusubiri ndicho kizuizi cha kweli.

La tatu, ndilo kubwa: gharama ya kizuizi hicho anailipa nani? Ikiwa ninailipa mimi, kwa jasho, kwa muda, kwa kurudiarudia, ninayo hiari ya kuvumilia, na huenda uvumilivu ule ukanifundisha. Ikiwa anailipa aliyenikabidhi sauti yake, hiari hiyo sina. Siku nilipokubali kumrekodi mtu mwingine nilikubali dhamana, na dhamana haipimwi kwa wepesi wa mikono yangu.

Suali hili la tatu lina mkono wa pili. Katika vyumba vingi vya vijana wetu programu kubwa zimo, lakini ni nakala za wizi. Wengi hawaoni taabu: kampuni iko mbali na ni tajiri, nasi ni maskini. Visiwani tunayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na wasanii wetu hulalamika, tena kwa haki, kwamba nyimbo zao huuzwa na kusambazwa bila ya wao kupata senti. Sioni vipi mtu atalilia jasho lake huku ameketi juu ya jasho la mwenzake. Aliyeiandika programu ni fundi kama wewe. Na umaskini wetu haukosi njia: Reaper hutolewa kwa majaribio ya siku 60 bila ya kufungwa chochote, na leseni yake kwa mtu binafsi ni dola 60, FL Studio anayeinunua mara moja hupewa matoleo yajayo bila ya malipo mengine. Kupanda daraja kwa mali ya mtu ni kule kule kukinai kwa cha mwenzio, ila kwa njia nyingine. Mwenye kinaa ya uongo hutoa kisichokuwa chake. Mwenye nakala ya wizi hukitwaa.

Nilimwita mpwa wangu, nikamwomba radhi kwa ile methali, nikamweleza haya yote, pamoja na habari za beti ya saba, ambayo hakuwa akiijua. Tulipitia masuali yale kwa pamoja. La kwanza lilimpa taabu. Alitaja mambo matano; tulipoyachuja, manne yalikuwa ya chumba na ya mazoea. La tano lilikuwa ni kinanda kisichoijua Bayati, na hilo, kwa kuwa anapiga udi, anaweza kulivumilia kwa sasa: daraja ile anayo kidoleni. Anarekodi nafsi yake peke yake, na hakuna anayelipia upungufu wake ila yeye. Tukakubaliana kuwa wakati wake haujafika. Akiba yake ameichukua akanunua godoro la pili na kipaza sauti kingine, na zilizobaki ameziweka.

Kisha akaniuliza, kwa ile sauti ya vijana ambayo haijui kuwa inachoma: "Na wewe, mjomba, ulinunua?"

Nilinunua, nikamwambia, wiki moja baada ya hitima ya bibi. Programu yangu ya sasa hupokea treki nyingi kuliko nitakazozihitaji maishani, na matundu yote manne ya kisanduku yanafanya kazi. Mengi yaliyomo ndani yake siyatumii wala siyajui. Nilianza nayo polepole, kazi za zamani nikaziacha zilipo hadi zilipokwisha, kwa kuwa si busara mtu kuhama nyumba huku chungu kiko jikoni. Sauti ya udi wangu haikubadilika hata kidogo, kama nilivyotaraji.

Jumamosi ijayo tunakwenda shamba, mimi na yeye, kwa mzee mmoja ambaye inasemekana anazo beti za harusi ambazo watoto wake hawazijui. Yeye atabeba godoro. Mimi nitabeba mkoba, na nimekwisha kuvihesabu vipaza sauti mara mbili.